Mwanangu Alinishtaki kwa Baba Yake

Haya, bora nisimulie mwenyewe kabla Kato hajawafikia, maana Kato akisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki, na hii aibu ni yangu, niliivuna mwenyewe mchana kweupe, juu ya mlima, mbele ya Wahindi, Wafilipino, Waarabu na bibi mmoja wa Kizanzibari ambaye hadi leo nikimkumbuka masikio yananiwaka moto. Chekeni tu. Na mimi nimeshacheka, ila nilichelewa kuanza.

Mnajua nilivyokuja huku Dubai. Mke wangu Mwanaidi nilimwacha Tanga na mimba, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana, nikaja kupiga rangi magari kwenye gereji kule Al Quoz, na siku mtoto anazaliwa mimi nilikuwa nimevaa barakoa ya kazini nimeshika bomba la kupulizia rangi, habari nimeipata saa ya chakula. Zuhura. Tunamwita Zuu. Tangu hapo mimi ni baba wa kwenye simu: akiota meno nipo, akianza kutambaa namwona anakuja, anakuja, mpaka pua yake inajaa kioo kizima. Neno lake la kwanza lilikuwa "baba", na wallahi nilijigamba gereji nzima hadi arbab, yule tajiri wetu, akaniambia khalas, tumesikia, rudi kwenye gari. Kumbe mwenzenu sikujua kitu. Kwa akili ya yule mtoto, baba ni ile simu. Mwanaidi alikuja kunieleza baadaye kwamba simu ikiwekwa kwenye chaji Zuu huwaambia wageni wanyamaze, baba kalala.

Basi, majira ya baridi haya nikafanikiwa kuwaleta kwa viza ya matembezi, tukaazimwa chumba kwa jamaa Al Warqa. Uwanja wa ndege nilikwenda mapema kama mtu anayesafiri yeye, nimenyoa, nimejipulizia udi, mtoto anatokea mkononi mwa mama yake nikamkimbilia nimefungua mikono, na yeye akapiga ukelele mmoja ambao mpaka wabeba mizigo waligeuka. Akajificha kwenye shingo ya mama yake. Nikasema haya, uchovu wa safari, kesho atanizoea.

Kesho ikawa keshokutwa. Zuu akaniita anko. (Kwetu mwanamume yeyote anayeingia nyumbani ni anko, wa maji, wa umeme, wa mkaa, wote anko, na mimi nikapangwa humo humo na wa mkaa.) Nikimpa chokoleti anapokea, anasema "Asante anko," anarudi kujificha kwenye dera la mama yake. Jioni moja nimekaa naye kitanda kimoja, kabisa magoti yetu yanakaribia kugusana, akaichukua simu ya mama yake akampa, akasema, "Mama, mpigie baba." Na mimi niko pale! Niliingia bafuni nikafungua bomba ili nisisikike. Nililia, sioni haya kusema.

Mwanaidi akakata shauri, simu basi, asipigiwe tena kwa video, akiendelea kumwona baba kwenye kioo huyu wa kwenye kiti hatamtaka kamwe. Lilikuwa wazo la busara, lakini matokeo yake mtoto akawa kila jioni anaulizia baba kaenda wapi, na mimi anko niko pembeni nakunywa chai. Siku zikayoyoma. Ikafika Jumamosi, na Jumanne wanaondoka, na mimi sijambeba mwanangu hata mara moja.

Asubuhi ile ndipo akaja Kato. Kato ni Mganda, rafiki yangu, mlinzi kwenye hoteli moja huko Al Garhoud, alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, akanywa chai ya Mwanaidi vikombe viwili akaniangalia nilivyonyong'onyea akasema, "Ssebo, mtoto anapenda mtu mwenye kumbeba. Twende Hatta, kwa milima. Kule juu atachoka, atakimbilia wapi? Atakuja kwako tu."

Nikasema yalla, twende. Hivyo hivyo, bila kufikiri, bila kuuliza njia, bila chochote zaidi ya chupa ya maji na maandazi yaliyobaki. Mwanaidi akashika kiuno: "Mlimani? Na mtoto? Na baridi hii?" Nikamwambia mke wangu, wenzetu weupe wanapanda na vichanga mgongoni. Basi akamvisha. Ee bwana, alivyomvisha! Fulana, sweta, sweta jingine alilofumiwa na bibi yake, koti lenye manyoya, soksi mbili mbili na kofia yenye masikio ya paka, mtoto hakunji mkono wala goti, ukimsimamisha anasimama, ukimlaza analala, kama furushi la mitumba. Na mimi nikavaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyangu vya Ijumaa, kwa sababu nilitaka picha nzuri nikiwa nimembeba mwanangu.

Tumefika Hatta jua lishapanda na watu tele, si mnajua wikiendi za baridi, kila mwenye gari yuko mlimani au anachoma nyama chini ya mlima. Kato akazima gari, akalaza kiti, akajifunika kofia usoni. "Nyinyi mwende. Mimi naona mlima kutokea hapa." Kabla hatujatoka maegesho alikuwa anakoroma.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ulipo uamuzi wenyewe, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata sikuuona. Mwanaidi akataka kwenda chooni, na foleni ya wanawake ilikuwa ndefu kama ya kiwandani, na Zuu alikuwa amelala fofofo begani kwake. Nikasema, "Nipe mtoto, amelala, hatajua. Natangulia taratibu, utanikuta pale kwenye kibao cha njia ya kupandia." Akasita. Kisha akanipa, na simu yake akanipa nimshikie isije ikadumbukia chooni, nikaitia mfukoni pamoja na yangu.

Jamani. Mmewahi kubebeshwa mtoto wenu kwa mara ya kwanza akiwa keshafika umri wa kukimbia? Alikuwa mzito, ana joto, kichwa kimeangukia shingoni kwangu na pumzi yake inanipiga hapa, chini ya sikio. Nikafika kwenye kibao. Nilitakiwa nisimame. Lakini nikisimama Mwanaidi atakuja, ataniambia lete mtoto, na mtoto ataondoka shingoni kwangu, basi nikasema kidogo tu, mpaka ile kona, halafu mpaka lile jiwe, halafu njia ikagawanyika nikashika ya kulia kwa sababu ilikuwa na kivuli, nikawa napanda na viatu vyangu vya Ijumaa vinateleza kwenye kokoto na mimi natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nikahisi jasho lake. Yale masweta, na jua lile! Shingo yake imelowa, mashavu yanachemka, nikaona mtoto atapikika humu ndani. Nikakaa kwenye jiwe nikaanza kumvua taratibu, kofia ya paka kwanza, kisha koti, kisha mkono mmoja wa sweta la bibi, na hapo kichwa chake kikiwa ndani ya sweta ndipo akaamka.

Akatoa kichwa. Akanitazama. Akatazama huku na huku, mama hayupo, ni mimi na milima.

"Anko nishushe!" Alipiga kelele ile sauti ikagonga mlima ikarudi. "Sitaki! Nataka baba! Nataka baba yanguuu!"

Nikamwambia mimi ndiye baba, mama, mimi ndiye, akazidi, "Si baba! Anko mbaya! Nataka baba!" anarusha mateke, mkono mmoja ndani ya sweta na mmoja nje, na mimi nahangaika kummalizia kumvua maana nusu nusu vile alikuwa anajinyonga. Mwenye macho aone: mwanamume kavaa kama anakwenda harusini, yuko pembeni ya njia, anamvua nguo mtoto anayelia kwamba huyu si baba yake.

Na mwenye macho alikuwapo. Juu kidogo kulikuwa na kibanda cha kupumzikia, na kwenye kibanda familia imekaa inakunywa kahawa, na kwa bahati yangu, katika Dubai nzima yenye watu wa kila lugha, ilikuwa familia ya Kizanzibari, wale waliokuja huku tangu zamani na Kiswahili chao hawakukipoteza hata herufi. Akashuka bibi mmoja, buibui, viatu vya michezo, mkononi ana ile fimbo ya kupandia milima, akaninyooshea.

"Weye kijana! Simama hapo hapo."

Na mimi, malezi kitu kibaya, nikasimama nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto wa nani huyo?"

"Wangu, mama."

"Wako, naye akwita anko? Mamake yu wapi?"

"Yuko chooni. Kule chini."

"Mpigie."

"Simu yake ninayo mimi."

Akanyanyua nyusi. "Kitambulisho chako?"

"Kimo kwenye gari."

"Gari lako?"

"La rafiki yangu."

"Rafiki mwenyewe?"

"Amelala."

Niliposema "amelala" hata mimi mwenyewe niliacha kujiamini. Kila jibu lilikuwa la kweli tupu, na kila jibu lilinisogeza karibu na polisi. Nikampigia Kato mbele yake, simu ikaita mpaka ikakata. Nikatoa picha za Zuu kwenye simu, picha mia na kidogo, anakula, anaoga, amelala, na bibi akazitazama akasema, "Picha si hoja, mwanangu. Picha hata miye n'nazo za watoto wa watu. Hebu nipe mtoto." Zuu huyo, akamrukia bibi wa watu asiyemjua hata jina, akamshika buibui kwa mikono miwili akanitazama kwa chuki. Hapo ndipo nilipoumia. Siyo polisi, siyo aibu. Nilijiambia Jumanne wanaondoka, na hiki ndicho atakachobaki nacho juu yangu.

Watu wakajaa. Mama wa Kihindi na wanawe, wasichana wa Kifilipino, vijana wa Kiarabu na birika lao la kahawa, na mlinzi wa pale, kijana wa Kinepali mpole, akaniambia kwa Kiingereza samahani sir, usiende popote. (Nitakwenda wapi? Viatu vyenyewe vimeshaachia soli.) Bibi akaeleza kisa kwa Kiarabu, vijana wakaeleza kwa Kiingereza, na kila kilipofika kwa mtu mpya mtu huyo aligeuka akanitazama. Mmoja akatoa simu anirekodi, mlinzi akamkataza. Huyo kijana Mungu ampe kheri.

"Mama," nikamwambia yule bibi, "huyu mtoto nilimwacha tumboni. Ananijua kwa simu tu. Nipe nafasi moja. Shika simu hii ya mama yake, mwoneshe, mimi naenda nyuma ya lile jiwe napiga."

Akanitazama sana. Fimbo ikashuka kidogo. "Haya. Lakini mlinzi aende na weye."

Basi tukaenda nyuma ya jiwe wanaume wawili, mimi na Mnepali wangu, tukachuchumaa. Mtandao vijiti viwili. Nikapiga. Ikaita upande wa pili wa jiwe, naisikia kwa masikio yangu, halafu uso wake ukaingia kwenye kioo, umelowa machozi na makamasi, na wallahi uso ule ulifunguka.

"BABA!"

"Naam, mama."

"Baba ulikwenda wapi?"

Yeye hakungoja. Akaanza mashtaka.

"Baba, kuna anko mbaya. Kanichukua. Kanivua kofia yangu ya paka. Mpige!"

"Nitampiga, mama."

"Mpige sasa hivi!"

"Sasa hivi nampiga." Nikajipiga kibao cha shavu mwenyewe, pa! Upande wa pili wa jiwe nikasikia bibi kaangua kicheko, halafu kimya kidogo, anawatafsiria, wakacheka Waarabu, halafu kimya, wakacheka Wahindi na Wafilipino, kicheko kinafika kwa zamu, na wa mwisho ni Mnepali wangu pembeni yangu, hajaelewa neno, anacheka kwa sababu nimejipiga kofi.

"Baba, huyo nani?" Kamwona mlinzi kwenye kioo.

"Huyo anko."

"Mpige na huyo."

Nikamwomba radhi kijana wa watu. Kisha Zuu akatulia, akasogeza uso karibu, pua ikajaa kioo, akasema lile neno alilokuwa akilisema kila jioni tangu ajue kusema. "Baba, njoo."

Kila jioni nilimjibu nitakuja, mama. Kila jioni, na mimi niko Al Quoz. Sasa niko nyuma ya jiwe, hatua chache tu kutoka kwake, na sitoki. Niliogopa, kwa sababu nikitoka na akalia tena, basi hata yule baba wa simu nimemuua, hatakuwa na baba wa huku wala wa kule. Mnepali akanigusa bega. "Sir," akasema, "go."

Nikatoka nimeinua simu mbele ya uso, natembea polepole. Zuu akatazama kioo. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye kioo. Yule bibi kaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikapiga magoti mbele yake kwenye kokoto nikashusha simu, nikafanya mchezo tunaoufanya kabla ya kulala, najaza mashavu upepo na yeye anayatoboa kwa kidole kwenye kioo. Nikajaza mashavu. Nikangoja.

Kidole kikaja taratibu. Kikagusa kioo kwanza. Halafu kikaja kwangu, kikabonyeza shavu, pfffu, upepo ukampiga usoni. Alishtuka. Kioo hakijawahi kumpulizia. Akatazama kidole chake, akanitazama, akasema, "Tena." Nikajaza tena. Pfffu. Mara ya tatu alicheka mpaka akajikunja, akageuka kumwambia bibi na mlima mzima, "Baba katoka! Baba katoka kwenye simu!"

Akaninyooshea mikono. Nikambeba.

Nililia mbele za watu bila bomba la maji kunificha. Bibi akalia, msichana mmoja wa Kifilipino akalia, na katikati ya msiba huo ndipo akatokea Mwanaidi anahema, jasho tele, chai ya karak mkono huu na ile nyingine imemwagikia dera, alishika njia ya kushoto akazunguka mlima mzima kunitafuta. Akatuona. Akamwona mtoto shingoni kwangu. Alikuwa ameandaa matusi, niliyaona mdomoni, akayameza na chai.

Bibi hakutuacha. Akatulisha sambusa, akatuomba radhi, kisha akanigeuka: "Na weye, mtoto habebwi hivyo ukateremka naye, utamwangusha na viatu vyako vya kitajiri." Akamvua Mwanaidi kanga begani, akamfunga Zuu mgongoni kwangu mbeleko barabara, nikasema mama mimi mwanamume, akasema, "Baba weye. Teremka." Nikateremka mlima wa Hatta na mbeleko, soli ya kulia imefungwa kwa soksi ya mtoto, vijana wa Kiarabu wananipigia makofi. Zuu juu huko anamwambia kila anayepanda, "Huyu baba." Chini Kato akaamka, akapikicha macho. "Banange! Shabani, umekuwa maama?" Tangu hapo ndilo jina langu Al Garhoud yote.

Jumanne walikwenda. Uwanja wa ndege alilia tena, wabeba mizigo wakageuka tena, ila safari hii alikuwa amenishika ukosi.

Basi somo langu ni hili, lichukueni bure. Usimbebe mtoto aliyelala asiyekujua akiamka, usimvue sweta mlimani, na simu ya mkeo usiikubali hata kama itadumbukia. Naapa mlima na mtoto basi, labda wa Lushoto, na mama yake akiwa mbele yangu namwona kisigino.

Lakini kuna jambo jipya. Nikipiga sasa, Zuu haongei na kioo. Mwanaidi ananiambia huichukua simu, anaigeuza, anatazama nyuma yake, anaitikisa, anagonga, anasema, "Baba, toka." Jana nilikwenda kwa arbab nikamwomba likizo, akasema inshallah, nikamwambia inshallah arbab, na tutaje na mwezi kabisa, akacheka, akautaja. Nikampigia mwanangu pale pale na rangi mikononi.

"Baba, toka."

"Natoka, mama," nikamwambia. "Mara hii natoka kweli."